Dakika Kumi za Langoni

Nyumbani kwetu kuna kiti kimoja chenye mguu mfupi. Baba yangu ni mwashi kwa miaka thelathini sasa, na watu wanamwita Fundi Timazi kwa sababu ukuta wake ukiushushia timazi, uzi na tofali havipishani hata unene wa kucha. Kiti kile angeweza kukitengeneza kabla chai haijapoa. Hakukitengeneza kwa makusudi. Kilikuwa kiti cha wageni asiotaka wakae sana: wauzaji wa dawa za kunguni, jirani mwenye maneno mengi, na vijana wa chuoni waliokuja kuniazima daftari wakati zao wanazo. Mtu akikalia kile hutikisika mpaka akumbuke kwamba ana shughuli kwingine.

Jumapili ile Nukta alipokuja kujitambulisha, Baba hakumwonyesha kiti hicho. Alimpa cha kwake mwenyewe, chenye mto. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Nilimtazama Mama, naye akanikonyeza, na furaha ikanijaa hadi vikombe vikaanza kugongana mkononi mwangu.

Nukta si jina alilopewa na wazazi wake. Ni jina tulilompa sisi, darasa zima la teknolojia ya ujenzi na usimamizi, pale chuo cha jamii tunaposoma. Wiki ya kwanza kabisa mwalimu alitupanga wawili wawili kupima usawa wa uwanja. Yeye alichungulia kwenye darubini ya kupimia, mimi nikasimama mbali nimeshika rula ndefu. Wenzetu walipoulizwa vipimo walisema mita moja na nusu, mita moja na kitu. Yeye akasema, "Moja nukta nne nane saba." Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa amenipigia kelele mara tatu kwamba rula yangu imeinama kushoto, na mimi najua haikuinama. Baadaye sana alikiri kwangu kwamba alitaka tu nimgeukie. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kugeuka.

Baba hakumtaka. Bahati mbaya chuo kilimpeleka Nukta mafunzo ya kazini palepale Baba alipokuwa nyapara wa zege, kwenye jengo la shule la ghorofa mbili. Mimi nilibakizwa kwenye maabara ya chuo. Kazi ya Nukta ilikuwa kushika shajara, kitabu kikubwa cha jalada jeusi kinachoandikwa kila siku nani kaja, saruji mifuko mingapi, maji ndoo ngapi. Mhandisi anafika mara moja kwa wiki, kwa hiyo kitabu kile ndicho macho yake. Baba akawa anarudi nyumbani amenuna. Alisema kijana anayepima maji ya zege kwa ndoo yenye alama, kesho atampimia mwanawe chumvi kwa kijiko. Mama alimtetea, akasema afadhali anayepima chumvi kuliko anayeimwaga. Miezi mitano wakabishana hivyo.

Halafu, siku tisa kabla ya Jumapili hiyo, Baba alirudi kutoka kazini, akanawa, akakaa, akasema, "Yule kijana kumbe ana adabu. Mwambie aje siku moja tuongee." Mimi sikuuliza kilichombadilisha. Bahati ikikubishia hodi, nani anaiuliza kitambulisho?

Heri ningeuliza.

Nukta alikunywa chai nusu kikombe. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likawa na kona, na macho yake hayakutulia. Aliniangalia mara moja tu, kwa namna ambayo sikuielewa, jinsi mtu anavyoangalia nyumba aliyoishi akiwa anahama. Kisha akafungua mkoba wake. Mama akasogea mbele, nadhani alifikiri ni albamu ya picha za ukoo. Ilikuwa ni shajara.

"Fundi," alisema, "kabla sijasema lililonileta, kuna jambo lazima nilitoe kwanza. Nikilificha leo, sitaweza kukuita baba."

Baba aliweka kikombe chini polepole. Akasema, "Mambo ya kazi yana mahali pake."

"Hili limeshaingia humu ndani, Fundi. Nimekalia kiti chako kwa ajili yake."

Hapo ndipo nilipoyasikia yote kwa mara ya kwanza, nimesimama na sinia kifuani.

Ijumaa ile ya zege niliifahamu vizuri, maana na mimi nilikuwepo. Nilipeleka yale makasha ya chuma ya maabara, ambayo zege la siku hiyo hujazwa humo kutengeneza vipande vya majaribio. Vipande hivyo hulazwa ndani ya maji chuoni, na siku ya saba tunavivunja kwa mashine ili kujua zege lina nguvu kiasi gani. Nukta aliyajaza makasha asubuhi, zege likitoka kwenye mashine ya kuchanganyia, zuri, zito, la kipimo. Halafu akanisindikiza langoni. Kwa hesabu yake tulikaa dakika kumi, kwa yangu zilikuwa dakika ishirini na ushee. Tulizungumza nini? Upuuzi mtupu. Tulibishana kama nyumba yetu itakuwa na dirisha la jikoni linalotazama mashariki. Nilimshika mkono wa shati alipotaka kurudi kazini, nikamwambia zege halina miguu, halikimbii.

Muda huo ndani, mashine ya kutetemesha zege iliharibika. Nondo za nguzo za ngazi zilikuwa zimebanana, zege likagoma kushuka. Lilikuwa linaanza kukauka kwenye matoroli, jua kali, vibarua wanamwangalia Baba. Na Baba akafanya kile alichofundishwa na mwashi aliyemfundisha, ambacho vitabu vyetu vimekipigia mstari mwekundu: akauchukua mpira wa maji, akalilainisha kwa maji ya ziada, ambayo huliondolea zege nguvu. Zege likashuka kama uji. Nguzo nne zikajaa kabla Nukta hajarudi.

Aliporudi aliona sakafu imelowa na mpira bado unachuruzika. Alimwangalia Baba, Baba akamwangalia yeye. Hakuna aliyesema neno. Jioni Nukta akaandika kwenye shajara: *Maji kwa kipimo, hakuna lililoongezwa.* Akatia saini. Usiku huohuo Baba akaniambia kijana ana adabu.

Na vile vipande vya majaribio, vilivyochukuliwa kabla ya maji, mimi ndiye niliyevivunja siku ya saba. Vilifaulu vizuri mno. Nilimpigia Nukta simu nikipiga vigelegele, na aliponyamaza nilidhani mtandao umekatika. Sikujua kwamba nimepima zege jingine kabisa, lisilo ndani ya zile nguzo.

"Kesho saa mbili Mhandisi anakuja kuruhusu dari lifungwe juu ya nguzo zile," Nukta alimwambia Baba. "Nimeandika ukurasa mpya, wa kweli. Nimeona haya uyasikie kwa mtu mwingine. Nimekuja nikwambie mwenyewe."

Nilimtazama Baba. Katika maisha yangu nimemwona akikasirika mara nyingi, huwa anapiga kelele, kisha anatafuta chakula. Safari hii hakupiga kelele. Alinyoosha kidole kwenye kona.

"Hamia kile kiti," alisema.

Nukta akainuka kwenye kiti chenye mto, akaenda kukaa kwenye kiti chenye mguu mfupi. Kikayumba. Akajaribu kujishikiza kwa nyayo, kikayumba tena, na lile shati lake la pasi likakunjamana. Mama akaficha uso kwa upande wa khanga. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na sijui nilikuwa namwonea haya nani.

"Umemaliza?" Baba akamuuliza.

"Nimemaliza, Fundi."

"Basi nyumbani kwenu wanakusubiri."

Nilimfuata mpaka nyuma ya nyumba, penye kamba za nguo. Ilinibidi nimvute kati ya mashuka ili Baba asituone dirishani. Nilikuwa na hasira, tena hasira na yeye. Nasema ukweli wangu, msomaji anisamehe: wakati ule sikuwaza nguzo wala nani atakaa chini yake. Niliwaza kile kiti chenye mto.

"Siku zote hizo," nilimwambia, "umechagua leo."

"Nilinyamaza siku tisa. Nilifikiri nitazoea."

"Vipande vimefaulu. Nimevivunja mwenyewe. Karatasi ipo. Hakuna mtu duniani atakayejua."

"Mimi najua. Baba yako anajua. Na sasa na wewe unajua."

"Mimi ningeweza kunyamaza."

"Mpaka lini?" aliuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. "Watoto wataingia mwakani. Kila siku ukipita pale, utakuwa unatazama juu. Tutakuwa na hiyo nyumba yetu na hilo dirisha la mashariki, na kila mvua ikinyesha mimi nitaamka kusikiliza kama simu inalia."

"Watamfukuza Baba. Unajua ana umri gani? Nani atampa kazi tena?"

"Na mimi nitafukuzwa. Nilisaini uongo, na nilikuwa nimeacha kazi. Hilo pia nimeandika."

"Umeandika ulikuwa wapi?"

Akasita. "Nimeandika nilitoka kwa sababu zangu binafsi. Wewe sijakutaja, na sitakutaja."

Nilipaswa kulia pale, nimshike mkono. Badala yake nilimwambia neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka naungua mwili mzima. Nilimwambia, "Basi oa hiyo shajara. Itakuzalia vitabu."

Alilisogeza shuka, akapita, na nikamsikia akimuaga Mama kwa heshima pale mlangoni kana kwamba ametoka kwenye sherehe. Nikabaki nimejifunika na shuka la majimaji, nikalia kilio cha ukweli.

Jioni ile Baba hakula. Alikaa na timazi yake kiganjani, ile ya shaba iliyochakaa ncha, akiizungusha. Mama aliongea peke yake kwa muda mrefu. Alisema kijana hana adabu, halafu akasema ana adabu kupita kiasi, halafu akasema heri kijana mwongo kuliko mkweli wa kuvunja nyumba za watu, halafu akakisikia alichosema mwenyewe, akanyamaza. Ile methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua. Mwalimu wetu wa zege ametukataza kuiandika kwenye mtihani, anasema kwake haina maksi. Lakini nyumbani kwetu usiku huo ilikuwa imekaa katikati ya sebule na hakuna aliyethubutu kuitamka.

Nilimletea Baba maji ya kunywa. Nikamuuliza, chini kabisa, Mama asisikie, "Baba, zile nguzo zitashika?"

"Miaka thelathini sijaangusha nyumba."

"Sijauliza hiyo, Baba."

Aliyanywa maji yote, akanirudishia glasi. "Mashine ilikufa," alisema. "Watu ishirini wananitazama. Mhandisi hayupo, kijana hayupo. Nikiliacha zege ligande kwenye matoroli, kesho wataniambia mzee umechoka. Wewe hujui neno hilo lina uzito gani." Kisha akaongeza, huku akitazama timazi, "Kama angekuwepo pale, nisingegusa mpira. Namjua. Angeusimamia kwa miguu yote miwili."

Hakujua alichonifanyia. Alikuwa akimlaumu Nukta, na kila neno lilikuwa likinipiga mimi. Niliingia chumbani, nikapiga moyo konde.

Kesho yake nilifika kwenye jengo la shule kabla ya saa mbili. Nukta alikuwa amesimama kando ya ngazi na kile kitabu kwapani, hajanyoa, amevaa kofia yake ngumu ya njano. Kulikuwa na vibarua wamekaa juu ya mbao, mwalimu wetu wa zege, yule mwanamke mfupi asiyecheka bure, aliyeitwa kutoka chuoni, na Mhandisi na buti zake zisizo na tope. Baba alikuwa amesimama peke yake karibu na rundo la kokoto.

Mhandisi aliusoma ule ukurasa. Akatoa kwenye faili karatasi ya maabara, karatasi yangu mimi, akaziweka pamoja. Akamwambia Nukta kwamba haelewi. Vipande vimefaulu, shajara ya siku yenyewe inasema maji kwa kipimo, na leo anakuja na ukurasa mwingine. Akamuuliza kama amegombana na fundi. Vibarua wakacheka. Mmoja akatupia kwamba kijana amenyimwa mke jana, na kicheko kikawa kikubwa zaidi. Habari za mtaani zina miguu kuliko zege.

Niliona shingo ya Nukta ikiwiva. Na hapo nikaelewa jambo baya kabisa: ilikuwa imeisha. Baba angesema sijui lolote, karatasi yangu ingemuunga mkono, dari lingefungwa. Nukta angeondoka pale kama mwongo aliyelipiza kisasi kwa ajili ya msichana. Kile nilichokiomba jana kati ya mashuka kilikuwa kinanijia mkononi, na sikukitaka tena.

"Naomba kalamu," nilisema.

Mwalimu aligeuka. "Wewe unatafuta nini?"

"Hapo alipoandika sababu zake binafsi, naomba paandikwe jina langu. Nilikuwa naye langoni. Mimi ndiye niliyemzuia. Vipande vilijazwa kabla. Nilivyovivunja ni vya zege la kwanza, si la nguzo hizi."

Sikumtazama Baba nilipoandika. Jina lilipanda mlima juu ya mstari. Nukta alikuwa karibu yangu kiasi cha kusikia pumzi yake, na akasema kwa sauti ya chini sana, "Sikukuomba." Nikamjibu, "Najua."

Kisha nikasikia kokoto zikisagika. Baba alikuwa anakuja. Mkononi alikuwa na nyundo yake na tindo, na watu wakampisha njia bila kuambiwa. Nilifikiri ameshikwa na hasira, Nukta naye nadhani alifikiri hivyo, maana alisogea akasimama mbele yangu. Baba alimpita kama mlingoti. Alifika kwenye nguzo ya kwanza, akaiweka tindo kwenye pembe, akagonga mara moja. Pembe ikatoka nzima. Akaifikicha kwa vidole, ikabaki mchanga kiganjani.

"Nne," alimwambia Mhandisi. "Hii, ile, na mbili za nyuma ya ngazi. Maji niliongeza mimi. Kijana hakuwepo, na aliporudi nilimtazama kwa jicho ambalo halikumpa nafasi ya kusema." Alipangusa mkono kwenye suruali. "Msitafute mtu wa kuzibomoa. Nitazibomoa mwenyewe."

Sijawahi kumpenda baba yangu kama saa ile, wala kumwogopa hivyo. Alipomaliza na Mhandisi alimgeukia Nukta. Walisimama uso kwa uso, mmoja kichwa chake kimejaa mvi na vumbi la saruji, mwingine kofia imempanda upande.

"Nguzo nimekubali," Baba alimwambia. "Binti sijakubali. Umenivua nguo mbele ya watu wangu."

"Nimekusikia, Fundi," Nukta akasema. Akaivua kofia, akampa mkononi, kisha akaenda zake.

Hukumu zilitoka wiki hiyohiyo. Baba alivuliwa unyapara, akabaki mwashi wa kawaida, na hata hilo Mhandisi alisema ni kwa sababu alisema mwenyewe. Nukta aliambiwa arudie mwaka mzima wa mafunzo, tena mbali, kwenye ujenzi wa daraja, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mimi niliitwa ofisini. Mwalimu wa zege aliniuliza kama najua adhabu yangu. Nikasema sijui. Akanisukumia ile shajara juu ya meza.

"Wewe uliyemtoa mwenzio kazini, utasimama pale wewe," alisema. "Zege la nguzo mpya litamwagwa Alhamisi ya wiki ijayo. Baba yako ndiye mwashi. Nataka nione kama unaweza kumtazama."

Siku kumi mimi na Nukta hatukuonana. Baba alikataza asikanyage kwetu, na mimi sikuwa na uso wa kumtafuta baada ya lile neno langu la mashuka. Alhamisi asubuhi ujumbe ukaingia kwenye simu: *Basi linaondoka saa tano. Nitapita langoni saa nne. Dakika kumi tu.* Niliusoma nikiwa nafunga buti. Nikaubusu ule uso wa simu kama mwendawazimu, nikapiga hesabu. Zege lingeanza saa mbili. Saa nne lingekuwa limekwisha.

Zege halikuanza saa mbili. Mashine ya kuchanganyia iligoma kuwaka, wakaihangaikia, na ilipokubali ilikuwa saa tatu na nusu. Nilijaza makasha yangu ya majaribio, safari hii nikichota pale pale zege linapoingia nguzoni. Nilihesabu ndoo za maji. Mpira niliufunga kwa waya kwenye bomba, nikasimama mbele yake. Baba alikuwa juu ya jukwaa akishindilia. Tulizungumza maneno ya kazi tu, yeye akiniita mwandishi, mimi nikimwita fundi.

Nguzo ya pili ilikuwa inaingia nusu nilipomwona. Alisimama nje ya lango na begi la kamba begani, lile shati la pasi tena. Alinyoosha shingo akanitafuta, akaniona. Hakupunga mkono. Alisimama tu akasubiri, naye akijua vizuri sauti ya ile mashine ina maana gani.

Kutoka nilipokuwa mpaka langoni ni hatua arobaini. Nilishazipima. Nilikuwa na mambo ya kumwambia ya miaka arobaini: kwamba nisamehewe lile neno, kwamba nitamngoja, kwamba dirisha litazame popote anapotaka yeye. Miguu yangu ilikuwa ikiniuma kwa kutokwenda.

Baba aliniona ninapotazama. Akatazama na yeye. Akaendelea kushindilia, mara moja, mara mbili, kisha akasimama.

"Nenda," alisema bila kunigeukia. "Dakika kumi. Hapa hakuna atakayegusa maji."

Machozi yalinitoka yakashuka na vumbi. Nilimwamini. Naapa nilimwamini kuliko siku nyingine yoyote. Lakini kitabu kilikuwa mkononi mwangu mimi.

"Zege halijaisha, Baba," nilimwambia.

Akashika tena kazi yake. Nami nikageuka nimwelekee Nukta, nikakiinua kile kitabu cheusi juu ya kichwa changu, kwa mikono yote miwili, akione. Alikiona. Uso wake ulikunjamana kama wa mtoto, kisha ukanyooka, akaweka kiganja kifuani, akakiacha hapo. Tulitazamana hivyo, mashine ikinguruma katikati yetu, mpaka saa yake ikamwambia aende. Akalivuta begi, akaenda. Nilimtazama mpaka ukuta ukamficha, kisha nikarudi kuhesabu ndoo.

Tulimaliza saa tano na nusu. Nikakaa juu ya tofali, nikaandika: *Nguzo nne. Maji kwa kipimo. Nilikuwepo mwanzo hadi mwisho.* Nikatia saini, na jina safari hii lilikaa sawa juu ya mstari.

Baba alishuka, akanawa mikono kwenye ndoo, akaja kusimama kando yangu. Alisoma nilichoandika, taratibu, kwa kidole, kama anavyosoma kila kitu.

"Ameshaondoka?" aliuliza.

"Ameondoka, Baba."

Alitikisa kichwa. Akachukua mwiko wake, akaufuta kwa kitambaa, upande huu na upande ule, kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

"Kile kiti cha kona," alisema. "Jumapili nikumbushe nikitie mguu."